Mjomba Ndani ya Bomba

Jumatano, 12 Februari

Nimesalitiwa. Na dada yangu wa tumbo moja!

Marlys kapiga simu saa moja asubuhi, mimi mdomo umejaa dawa ya meno. Kaanza kwa ile sauti ya upole anayoitumia akitaka kuazima gari. Akasema Jumamosi, kwenye maonyesho ya filamu za sayansi ya kubuni pale Sinema ya Norden, Curtis naye atakuja. Nikauliza Curtis yupi. Akasema, Reino, usijifanye huna akili, Curtis mume wangu.

Mume wake! Wameoana Oktoba. Daktari wa meno. Mrefu, mpole, meno yake kama vigae vya bafuni.

Miaka sita sasa hizo ni siku zetu, mimi na Aili mpwa wangu. Alianza akiwa na miaka saba, miguu haifiki sakafuni. Filamu kumi na nne, Jumamosi na Jumapili, asubuhi mpaka jioni. Anayetazama zote bila kukosa hata moja anapata mihuri kumi na nne kwenye kadi yake, kisha nishani ya bati, na jina lake linaandikwa nyuma ya kiti mwaka mzima. Hatujawahi kuipata. Kila mwaka mmoja wetu husinzia katikati, anakoroma, na tunatolewa nje sote wawili. Simtaji.

Sasa Aili ana miaka kumi na mitatu. Krismasi nilimuuliza habari za shule. Akasema poa. Za marafiki? Poa. Baadaye nikamsikia jikoni, yeye na Curtis, wanabishana dakika ishirini nzima kama roboti anaweza kuona aibu. Nilisimama mlangoni na kipande changu cha keki. Hawakuniona.

Lazima kitu kifanyike.

Alhamisi, 13 Februari

Nimeamka na mpango. Miwili, kwa kweli.

Wa kwanza: vazi. Mimi ni fundi wa mashine za kufulia na kukaushia nguo. Nina nini ambacho daktari wa meno hana? Mabomba! Yale ya bati yanayokunjika, ya kutolea joto nje ya nyumba. Mita tisa ziko stoo. Mikono miwili, miguu miwili, kifua cha mlango wa mashine, kioo chake kipo. Nitakuwa roboti ambaye mji huu wa Duluth haujapata kumwona. Aili akiniona hatakumbuka hata jina la Curtis.

Wa pili: kiti. Nimempigia Curtis na kumwambia, kwa wema tu, kwamba milango inafunguliwa saa tano. Inafunguliwa saa tatu. Kufika kwake atakuta mimi na Aili tumeshakaa, na yeye atafute nafasi huko nyuma karibu na choo.

Kanishukuru. Kasema asante sana, shemeji, mimi ningechanganyikiwa peke yangu. Kaniita shemeji!

Nilijisikia vibaya kama dakika mbili hivi. Kisha nikamalizia mkono wa kushoto.

Ijumaa, 14 Februari

Theluji imeanguka tangu asubuhi. Nimepika.

Huu ni mpango wa tatu, wa akiba. Sinia zima la viazi, nyama ya kusaga, krimu na jibini tabaka nne. Mama yetu alikuwa akiupika mlo huu siku za mazishi, na wafiwa walikuwa wanalala hata kabla ya mchungaji kumaliza. Curtis akila vijiko sita tu, filamu ya nne hataiona. Atakoroma. Aili ataaibika. Nitamfariji.

Marlys kapitia jioni kuchukua begi la Aili alilosahau hapa. Akaliona vazi limesimama sebuleni, akarudi nyuma hatua moja. Kisha akaketi. Akasema Aili ameshapigilia msumari ukutani wa kutundika nishani. Akasema mtoto ana hamu mpaka hali vizuri.

"Reino," akasema, "mwaka huu usiniharibie. Nakuomba kama mdogo wako."

Nikamwambia mimi? Mimi niharibu nini?

Jumamosi, 15 Februari

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine una plasta.

Nilifika Norden saa mbili unusu, mvuke unanitoka mdomoni kwa baridi, natembea kwang'a kwang'a kama masufuria yanayohamishwa. Nani yuko mlangoni na koleo? Curtis! Anazoa theluji. Kumbe alipita jana kumuuliza Bibi Verna, mwenye sinema, kama anahitaji msaada. Bibi Verna ana miaka themanini na moja na hajawahi kumchekea mtu tangu nimjue. Leo anamletea Curtis kahawa, kwa mkono wake, na kampa achague viti kabla ya watu wote. Safu ya nne, katikati kabisa. Kachagua vitatu.

Akanivuta pembeni na kuninong'oneza: nadhani saa ulizichanganya, shemeji, lakini usijali, Aili sijamwambia.

Afadhali angenipiga na koleo.

Aili akatoka ndani akikimbia. Akanitazama juu mpaka chini. Akaangua kicheko kile cha zamani, cha kushika tumbo.

"Mjomba! Umekuja umevaa kazi!"

"Mimi ni roboti," nikasema.

"Wewe ni mashine ya kukaushia, mzunguko wa taulo!"

Hata hivyo akapiga nami picha nne. Moja ameshaiweka kwenye simu yake, iwe ndiyo inayotokea kila akiiwasha. Nimeiona kwa macho yangu.

Tukaketi, Aili katikati. Filamu ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu ndefu lakini nilishinda. Chakula cha mchana nikafunua sinia langu. Curtis akashika kifua, akasema harufu yake inamtoa machozi, ila tumbo lake haliwezi jibini hata punje. Aili akala kidogo. Mimi siwezi kutupa chakula cha mama. Nilikula cha kwangu. Nikala cha Curtis.

Filamu ya nne naikumbuka mwanzo wake. Ya tano sina habari nayo.

Haya yanayofuata nimeyapata kwa Aili. Anasema nilikoroma ndani ya mabomba, na sauti ikatoka miguuni ikiwa nzito, inatetemesha sakafu. Watu walidhani ni injini ya chombo cha anga. Mzee mmoja safu ya pili alipiga makofi.

Niliamka filamu ya sita ikielekea ukingoni, nikiwa nimebanwa na haja. Nikainuka. Sikuinuka! Bomba la mguu limeingia kwenye springi za kiti na limejikunja humo. Nikavuta. Likakaza. Nikavuta na mkono, mkono nao ukanasa. Nakiri nilisema kwa sauti kwamba kiti kinanimeza.

Sheria ya Bibi Verna inajulikana. Ukitoka kabla filamu haijaisha, muhuri huna, na ukikosa mmoja umekosa nishani. Yeye mwenyewe hukaa mlangoni na kiti chake cha kukunja. Zilibaki dakika kumi na tano. Kwenye skrini nahodha alikuwa ndiyo kwanza anafungua lile sanduku ambalo watu wamelisubiri saa nzima.

Aili akaitazama skrini. Akanitazama mimi. Akasimama.

Nikamwambia kaa, mwanangu, kaa, mimi nitajikaza.

"Mjomba, nyamaza. Inua mguu."

Curtis akashika upande wa pili. Wakahesabu mpaka tatu. Likatokea "krraaa!" na kikalio kizima cha kiti kikang'oka na kunifuata. Ndivyo nilivyopanda njia ya katikati mbele ya watu mia mbili, nimeshikwa huku na huku, kiti kinaning'inia nyuma kama mkia. Wakashangilia. Nafikiri wengine walidhani ni sehemu ya burudani.

Choo nilikiwahi. Kwa shida. Zaidi ya hapo siandiki.

Kisha Curtis kayakata mabomba kwa mkasi wa Bibi Verna na kunitoa, taratibu, kila mara ananiuliza kama inauma. Kidole changu kilichochanika kakifunga yeye. Ana mikono mizuri, yule mtu. Nachukia kuliandika hili.

Tukabaki watatu kwenye zulia la ukumbi wa mbele na ndoo ya bisi. Kadi tatu, mihuri mitano mitano. Ndani watu wanapiga mayowe, sanduku limefunguka. Nikafikiria ule msumari ukutani.

"Nisamehe," nikamwambia Aili. "Nishani imekwenda."

Akatafuna bisi.

"Unajua ni nani aliyemwomba Curtis aje?"

"Mama yako."

"Mimi."

Nikairudisha ndooni bisi niliyokuwa naipeleka mdomoni.

"Kila mwaka ukilala, Mjomba, nabaki peke yangu. Filamu inanoga, sina wa kumfinya. Mwaka jana nilimfinya mtu nisiyemjua." Akanisukuma begani. "Sikutafuta mtu wa kukaa mahali pako. Nilitafuta wa kukaa upande wa pili."

Curtis alikuwa ameinama anaokota skrubu moja moja kutoka kwenye zulia. Aliziokota muda mrefu sana. Mimi niliingiwa na kitu jichoni. Chumvi ya bisi, bila shaka.

Jumapili, 16 Februari

Tumerudi. Bila vazi, bila sinia, bila kadi. Nilifika mapema na mkoba wangu wa kazi, nikakirudisha kiti cha watu mahali pake na kukaza vingine vitatu vilivyokuwa vinayumba. Bibi Verna akakikalia kujaribu. Akasema si vibaya. Kwake hilo ni wimbo wa taifa.

Filamu saba. Nimetazama saba! Kila nilipoanza kuinamisha kichwa Aili alinifinya, na kila filamu iliponoga alinifinya pia, kwa hiyo mkono wa kulia umekuwa wa zambarau kutoka kiwiko kwenda juu. Curtis alilia kwenye ya kumi na moja, yule mama anapoiaga sayari yake. Alilia waziwazi, bila leso. Aili akamshika mkono wa shati. Halafu, bila kugeuka, akaushika na wangu.

Tulibishana njia nzima kurudi nyumbani. Curtis anadai yule kiumbe wa mwisho alikuwa na mapafu. Hana! Aili yuko upande wangu. Tulikaa kwenye gari nje kwa Marlys nusu saa, injini inaunguruma, mpaka Marlys akatoka na koti juu ya gauni la kulalia kuuliza kama tumeganda.

Curtis ni mtu mwema. Naliandika hili kwa akili zangu timamu. Mashindano nimeachana nayo. Mtoto si kombe. Kuanzia leo mimi ni mtu mpya, mtulivu, asiye na hila.

Jumatatu, 17 Februari

Siku njema. Nimetengeneza mashine mbili na kusalimia watu wote.

Curtis kapiga simu mchana. Kasema Jumamosi anampeleka Aili ziwani kuvua samaki kwenye barafu, mara ya kwanza kwa mtoto, na wote wawili wangependa sana niwepo. Kasema yeye mwenyewe hajui sana, anabahatisha tu. Nikamshukuru kwa moyo mweupe. Nikamwambia nitakuja kukaa tu na kufurahi.

Nimekata simu saa nane.

Saa nane na robo nimewaza: mara ya kwanza kwa mtoto. Ya kwanza! Samaki wa kwanza mtu hamsahau, wala hamsahau aliyekuwa kando yake alipomtoa. Na yule anasema anabahatisha. Wanaosema hivyo ndio hutoa samaki wa kilo nane.

Si hila. Ni maandalizi. Mtu akinunua samaki mkubwa mapema, akamfunga kwenye ndoano yake na kumteremsha tundu la barafu wenzake wanapomimina kahawa, kamdhuru nani? Mtoto anafurahi. Mjomba anapigwa picha. Basi.

Nimempigia muuza samaki. Anasema wabichi wameisha wiki nzima hii, aliyebaki ni mmoja tu, mkubwa, mnene, mzuri sana, ila ni wa kukaushwa kwa moshi.

Nimemwambia aniwekee. Akitoka majini atakuwa amelowa. Nani atajua?