Mrudishie Vaileth Imani Yake ya Kutojua Kuimba

Mtoni, Temeke.

Kwa Mtaalamu Badru,
Kituo cha Tiba ya Akili Tulivu,
Sinza.

Ndugu Mtaalamu,

YAH: OMBI LA KUREJESHEWA IMANI POTOFU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na wateja wako wamelala vizuri. Mimi ni Gozbert, mwalimu wa kwaya ya kigango chetu hapa Mtoni. Nakuandikia kwa heshima kuhusu mwanakwaya wangu, Bi. Vaileth, ambaye kwa bahati mbaya umemponya.

Tangu utotoni Vaileth aliamini kwamba hajui kuimba. Shangazi yake ndiye aliyemwambia. Wewe ukamlaza kwenye kochi, ukamsemesha polepole mpaka akasinzia, ukaing'oa imani hiyo na mizizi yake. Tatizo, ndugu yangu, ni kwamba shangazi alisema kweli.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Zamani Vaileth alisimama mstari wa nyuma na kuchezesha midomo tu. Alikuwa mwanakwaya wangu bora. Sasa anasimama mbele, anafumba macho, na akishapandisha sauti, inakokwenda anajua Mungu. Nilipomvuta pembeni kumsihi, alinishika mkono kwa huruma: "Mwalimu, mie nilikuwaga kifungoni. Usiogope, na wewe utafunguka."

2. Kwenye mazishi ya mzee Stanley aliimba peke yake bila kuombwa. Wafiwa wakaacha kulia, wakaanza kutazamana. Mjane akauliza, "Huyo naye kafiwa na nani?"

3. Padre amefupisha misa. Hili ningelinyamazia, ila waumini wamelipenda, na sasa wanamwomba Vaileth aimbe kila Jumapili yenye mechi.

4. Kupona kumeanza kuambukiza. Jonas, mpiga kinanda wetu, alikuja kwako akiamini hawezi kupiga bila kutazama vidole. Amerudi hatazami. Tunasikia. Naye Atuganile, aliyekuwa anaogopa kunipinga, sasa ananipinga kabla sijasema.

Kwa hiyo naomba umwite Vaileth, umlaze tena, umrudishie imani yake kama ulivyoikuta. Kama uliitupa, mpandikizie yoyote inayofanana nayo. Ikishindikana, nitakuletea waumini wote uwalaze kwa awamu, mpaka waamini kwamba anaimba vizuri. Tuanze na wanaokaa viti vya nyuma, maana kusinzia wanajua tayari.

Wanakwaya wote wanakusalimu. Waliopona wanakusalimu kwa sauti ya juu zaidi. Nisalimie jamaa wote wa hapo kituoni, walio macho na waliolala.

Wako anayetafuta utulivu,
Gozbert,
Mwalimu wa Kwaya (hadi Atuganile atakapoamua vingine).

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, nimetoka kumwona mama yangu mzazi. Tangu baba atutoke, mama alikuwa hataki hata kufungua dirisha. Jumapili nilimbembeleza akaja kanisani. Vaileth alipoanza kuimba, nikaona mabega ya mama yanatikisika, nikajua analia. Nilipomfikia, alikuwa anacheka mpaka khanga imemdondoka. Leo nimemkuta anapiga pasi gauni lake, akaniuliza, "Eti baba, yule binti ataimba tena Jumapili?"

Tafadhali, Vaileth usimguse. Nilaze mimi.