Siku Tatu Mjini kwa Vipindi vya Dakika Arobaini

Jumapili, 3 Agosti

Ratiba imekamilika! Siku tatu za mjini, mimi na mke wangu, vipindi vinane kwa siku, kila kipindi dakika arobaini. Nimeipanga kama ninavyopanga ratiba ya shule mwaka wa kumi na saba huu: kushoto "Yaliyopangwa", katikati "Yaliyofanyika", kulia "Maoni". Safu ya maoni nimeifanya nyembamba makusudi. Sitarajii maoni.

Safari hii si mchezo. Likizo iliyopita tulikaa kituoni kwa muda wa saa sita tukisubiri basi lililokuwa limeondoka jana yake. Tangu hapo shemeji, kaka yake mke wangu, mtu anayesafiri na mswaki mfukoni na hapangi lolote, anamshawishi dada yake aongozane na ndugu zake. Mke wangu amenipa nafasi moja. Ikiharibika, mwakani anaondoka na kaka yake, mimi nabaki kulinda kuku. Alisema akitabasamu, lakini kuku aliwataja mmoja mmoja.

Jumatatu, 4 Agosti

Kipindi cha kwanza: makumbusho. Tumefika saa tatu kamili. Geti limefungwa! Mlinzi, akinywa chai kwenye kifuniko cha chupa, akanieleza kwa upole kwamba Jumatatu hapafunguliwi. Nikamwonyesha ratiba. Akaisoma yote hadi chini, akasema, "Nzuri sana, mzee. Ila geti halijaisoma." Mke wangu akacheka. Tena akacheka upande wa mlinzi.

Kipindi cha tatu: bustani ya maua. Imefukuliwa, wanalaza mabomba. Tumetazama mabomba dakika arobaini, maana kipindi ni kipindi. Mke wangu akaomba tuingie duka la vitambaa lililo mkabala. Nikamweleza kwamba vitambaa ni Jumatano, kipindi cha saba. Akanijibu, "Sawa, Mwalimu." Nyumbani mimi huitwa Baba Watoto. Nikiitwa Mwalimu, kumechafuka.

Jioni shemeji kapiga simu kuuliza kama kengele imeshalia. Nimemjibu kwamba mambo yanakwenda kama yalivyopangwa. Safu ya maoni imejaa. Nimehamia nyuma ya karatasi.

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya kusawazisha. Kipindi cha kwanza: jengo la ghorofa kumi na nane, kuutazama mji wote kutoka juu. Lifti mbovu. Mke wangu akasema yameisha hayo, tunywe chai hapa chini. Mimi nikasema ngazi ni hatua tu. Akasema yeye atakuwa mgahawani, nikifika juu nimpungie mkono.

Ghorofa ya tano, magoti yakaanza kunisema. Ya saba, nikaona benchi, nikajibwaga. Watu wanne wameketi kimya, wameinamia sakafu. Nikadhani wenzangu wa ngazi. Kumbe foleni ya daktari wa meno!

Muuguzi akaniuliza kama ni mara yangu ya kwanza. Nikahema kwamba ndiyo, na ya mwisho. Akasema wote husema hivyo, akanishika mkono. Pumzi ya kubishana sikuwa nayo. Na wale wanne wananitazama! Mtu mzima na mvi zangu, nikiri mbele za watu kwamba nimeshindwa na ngazi? Bora jino. Nikaingia.

Daktari akachungulia kinywani, akapiga mluzi. Gego la chini, limeoza hadi mizizi. Aliuliza nimelivumilia vipi. Nikasema, kwa ujasiri. Akaling'oa.

Nimeshuka na pamba mdomoni. Mke wangu akauliza mji nimeuonaje. Nikafungua kinywa nikamwonyesha pengo. Akauliza kama na hilo lilikuwa kwenye ratiba.

Usiku nimewahesabu kuku, kwa kichwa. Kumi na wanne.

Jumatano, 6 Agosti

Shavu limevimba kama nimeficha chungwa. Daktari amepiga marufuku kuongea kutwa nzima. Nani sasa atatangaza vipindi? Nimejaribu kwa ishara. Nikanyoosha vidole vinne, yaani kipindi cha nne. Muuza maji akanipa chupa nne.

Mke wangu kashika usukani. Duka la vitambaa, kwa saa mbili nzima! Kabishana na mwenye duka, wakacheka, wakapatana, wakaanza upya. Mwenye duka akamwambia, "Una bahati, dada. Mume wa kusubiri bila neno, siku hizi hapatikani." Nilikuwa na neno. Pamba ikalizuia.

Baadaye tukaketi kwenye ngazi za maktaba, chupa zetu nne pembeni. Akanisimulia mambo mengi: alivyokuwa akiogopa wiki ya arusi, wimbo wa mamake, kwa nini aliacha kushona. Niliandika kwenye kikaratasi: mbona hukuniambia? Akasema kila alipoanza, mimi nilikuwa na tangazo. Kisha akaniegemea bega. Jua likahama, hatukuhama.

Safu ya katikati nimeiacha wazi. Sikujua kile ni kipindi gani.

Jumapili, 10 Agosti

Nyumbani. Shemeji kaja kuchukua jibu lake. Nilikuwa jikoni nyuma ya mlango, si kusikiliza, napanga sufuria. Mke wangu akamwambia, "Mwakani naenda na mume wangu, kaka. Siku kama ile ya Jumatano sijaipata tangu tuoane." Shemeji akauliza tulikokwenda. "Hatukwenda popote. Alininyamazia tu, kaka. Kutwa nzima!"

Sufuria iliniponyoka.

Ushindi! Kuku watatafuta mlinzi mwingine. Shemeji kaondoka na mswaki wake. Na mimi, ambaye watu husema sijifunzi, nimeketi nikaichambua ratiba safu kwa safu hadi nikaipata siri ya Jumatano. Ratiba ya mwakani tayari nimeianza. Siku ya kwanza, kipindi cha kwanza: daktari wa meno. Nimejikagua kwenye kioo, na gego la juu kulia lina dalili njema. Mwaka huu kosa letu lilikuwa moja tu: tulichelewa kung'oa.