Kirembwe Haijawahi Kushindwa

Kwa niaba ya Kamati ya Taifa ya Ushiriki wa Nyimbo Nje ya Mipaka, Tawi la Sydney, nachukua fursa hii adhimu kuukumbusha umma kwamba Jamhuri ya Kirembwe haijawahi kushindwa katika Tamasha la Nyimbo la Mataifa Madogo. Kushindwa ni kupata alama chache kuliko mwenzako. Sisi kwa miaka yote hiyo hatukupata alama hata moja, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kulinganisha. Wanaosema tulikuwa wa mwisho wana chuki binafsi, na wengine nawajua hadi wanakoishi.

Naitwa Ishmael, Katibu wa Itifaki. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna jambo linalotendeka kabla wakubwa hawajatambuliwa. Ofisi yetu iko Lidcombe, juu ya duka la matairi. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Stambuli, alikuja Sydney na ujumbe wa kwanza kabisa kwa ziara ya wiki mbili, na mpaka leo hajamaliza kukusanya uzoefu.

Mwaka ule wa kwanza tulifika na ujumbe mzito kweli kweli. Alikuwepo Mwenyekiti, alikuwepo Makamu wake, Mheshimiwa Ishaq, alikuwepo Mheshimiwa Salvator wa Usalama, na wataalamu wa fani mbalimbali. Mwimbaji tu ndiye hakuwepo. Aliitwa Bi Muna, na alikuwa amefika uwanja wa ndege wa nyumbani na begi lake, mikono imepakwa hina. Ikatokea kwamba shemeji yake Mwenyekiti naye alitaka kuiona Sydney. Ndege ina viti vyake, na serikali ina vipaumbele vyake. Waandaaji walipouliza mwimbaji yuko wapi, Mwenyekiti aliwajibu kwamba hilo ni suala la kiufundi na linashughulikiwa.

Mwaka uliofuata tulimpata mwimbaji hapa hapa. Lakini kila nchi hupewa dakika tatu jukwaani, ambazo ni dharau tupu kwa taifa lenye viongozi. Wavivu husema “itifaki imezingatiwa” wakaendelea na shughuli. Sisi hatuna mkato huo. Makamu alianza kutambua wageni kwa utaratibu, na alikuwa amefika kwa wazazi na walezi pale waandaaji walipozima sauti. Mwaka mwingine tukaambiwa jukwaa lisizidi watu sita. Tukapanda viongozi sita, na mwimbaji akaimbia kwenye maegesho ya magari, ambako nasikia aliimba vizuri. Halafu kuna mwaka tuliosusia tamasha kwa hasira, na ujumbe mkubwa ulitoka nyumbani kuja kushuhudia tukisusia.

Mwaka huu waandaaji walituita Parramatta na kutupa onyo. Tukipata sifuri tena, Kirembwe haitakanyaga jukwaa lile maisha. Mwenyekiti alilipokea onyo kwa utulivu, akaunda kamati ndogo.

Kamati ndogo ilimteua Mize. Huyu ni binti wa yule yule Bi Muna aliyebaki uwanjani, na anahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee hapa Lidcombe. Alikuja kikaoni moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa sare na raba nyeupe.

“Shikamoo wazee. Nitaimba wimbo wa mama,” alisema. “Ule ule alioutunga kwa ajili ya kuja huku.”

“Marahaba. Una urefu gani?” nilimuuliza.

“Dakika tatu, Mzee Ishmael. Mama aliupima mwenyewe.”

Wajumbe waliangaliana. Nilimweleza kwa upole, maana mimi si mtu wa makuu, kwamba salamu za Mwenyekiti peke yake zinahitaji dakika mbili na nusu, na hapo tumembana sana. Nikashauri wimbo upunguzwe ubaki kiitikio, kiimbwe mara moja, upesi upesi. Nilichukua kalamu nikaukata palepale mbele yake.

Mize alitazama ile kalamu. “Mama miguu imemwisha,” alisema. “Haendi popote, hana hamu ya kitu kingine. Ameniambia, mwanangu, nataka niusikie ukifika mwisho mara moja, japo kwa mdomo wako. Televisheni ya nyumbani itaonyesha. Sasa mimi nimwambie nini? Nimwambie mmemkata tena?”

“Mwambie taifa linathamini mchango wake,” alisema Mheshimiwa Ishaq.

Nilidhani binti atalia, na nilikuwa na kifungu cha kanuni kinachohusu wasanii wanaolia. Badala yake akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa.

“Basi wazee wangu, tusigombane,” alisema. “Itifaki yote naiingiza ndani ya wimbo. Nitawataja waheshimiwa mmoja mmoja, jina na cheo, nikiimba. Muda hautapotea, na hakuna atakayesahaulika.”

Mwenyekiti alijiinua kidogo kitini. “Mmoja mmoja?”

“Mmoja mmoja. Mkikaa safu ya mbele, anayetajwa anasimama, anageuka, anawapungia watu.”

Hapa lazima nimweleze msomaji asiye Mkirembwe. Kwetu kiongozi akitajwa hadharani husimama. Si uamuzi, ni damu. Mheshimiwa Salvator aliwahi kuitwa na nesi katika zahanati moja huko Auburn, akasimama, akafunga kifungo cha koti, akawapungia wagonjwa wote waliokuwa kwenye foleni, akaketi tena. Nesi alilazimika kumwita mara tatu, na mara zote tatu alipunga.

Hoja ya Mize ilipita kwa kauli moja. Mjadala ulikuwa mkali lakini ulihusu jambo moja tu, nani atajwe kabla ya nani. Hakuna aliyeuliza atasema nini baada ya majina, kwa sababu katika uzoefu wetu hakuna mtu anayesikiliza kitu baada ya jina lake. Siku ile ile Mwenyekiti alihojiwa na redio ya nyumbani, akatangaza kwamba kila neno la wimbo limetungwa chini ya uongozi wake thabiti.

Jioni ya tamasha ukumbi wa Parramatta ulijaa. Msimamizi wa jukwaa alikuwa Mkenya mmoja, Kawira, binti mwenye vidude vya kusikilizia masikioni na asiye na heshima kwa vyeo.

“Wazee wangu, Kirembwe ni nyinyi?” alituuliza. “Nawajua. Leo hakuna story. Ni three minutes, mkipitisha nazima maiki.”

“Binti, unajua unaongea na nani?” Mheshimiwa Salvator alimuuliza.

“Naongea na watu wa sifuri. Mwenye anaimba ni nani?”

“Mimi,” Mize alisema.

“Haya dada, panda. Nyinyi wengine kaeni chini, mnaziba njia.”

Tukakaa safu ya mbele, tumevaa suti za rangi moja, bluu ya bendera. Nyuma ya jukwaa palikuwa na kioo kikubwa cha kuonyesha maneno ya kila wimbo kwa Kiingereza, ili hadhira nayo ifuate. Mize alisimama katikati, peke yake, amevaa gauni la mama yake. Akaanza na kiitikio, kile kile nilichopendekeza:

*Niacheni nimalize, wimbo wangu nilotunga.*

Kisha akafika kwenye itifaki.

*Stambuli mheshimiwa, simama watu wakwone.*

Mwenyekiti akasimama. Akafunga kifungo. Akalipa jukwaa mgongo kama inavyotakiwa, akaielekea hadhira, akainua mkono, uso umejaa unyenyekevu. Nyuma yake Mize akaendelea, sauti ile ile, wala hakuipandisha:

*Mama kiti kanyang’anywa, shemejiyo ajivune,*
*Uwanjani akaachwa, ndege ikenda aone.*

Watu walisoma kiooni, wakamtazama Mwenyekiti, wakasoma tena. Kicheko kilianzia nyuma, kikashuka hadi mbele kikifuatana na makofi. Mwenyekiti aliweka mkono kifuani. Hajawahi kupigiwa makofi kiasi kile, na mimi niliyemjua miaka yote hiyo niliona macho yake yamelowa.

Naandika haya kama shahidi. Mimi maneno niliyasikia. Makamu naye aliyasikia, kwa sababu alinigeukia na kusema, “Huyu binti ana adabu kweli?” Lakini hapo hapo Mize akaimba, *Ishaki Makamu naye*, na Makamu akasimama. Alisimama akiwa bado ananiuliza. Akapunga mkono wakati ukumbi ukielezwa jinsi alivyosalimia wageni mpaka sauti ikazimwa, akarudi kukaa na kuniambia kwamba kwa jumla wimbo una sehemu zake nzuri.

Mheshimiwa Salvator alisimama kwa ubeti wa maegesho ya magari. Wajumbe wengine walianza kuwa na wasiwasi, na wasiwasi wenyewe ulikuwa kwamba muda utakwisha kabla ya zamu zao. Mmoja alisimama bila kutajwa, akaketishwa.

Halafu nikasikia, *Ishmaeli wa kalamu*. Nilijua kinachofuata. Nilijikaza kwenye kiti, nikashika mikono ya kiti kwa nguvu zangu zote. Lakini mtu hafundishi watu itifaki miaka yote hiyo halafu mwili wake usiwe na kumbukumbu. Nilijikuta wima, nimegeuka, mkono juu, na watu mia kadhaa wananicheka usoni wakisoma nyuma yangu jinsi nilivyoukata wimbo wa mgonjwa mbele ya mwanawe. Niliona aibu, nikaendelea kupunga.

Mize akarudi kwenye kiitikio cha mama yake, taratibu, akakimaliza. Kawira alitazama saa yake, akainua kidole gumba. Sauti haikuzimwa. Kwa mara ya kwanza katika historia ya taifa letu, wimbo ulikuwa umefika mwisho, na watu wote ukumbini walikuwa wamesimama, ila safari hii si kwa sababu walitajwa.

Majaji hawakukawia. Walisema wameguswa na mwimbaji, lakini kilichowavunja mbavu ni wale wachezaji wa suti za bluu waliofichwa miongoni mwa hadhira. Walisifu hasa yule mnene wa mbele, ambaye hakucheka hata mara moja na kwa hakika amesomea uigizaji. Kirembwe ikapewa alama za juu kuliko nchi zote.

Mwenyekiti alikimbilia ngazi za jukwaani apokee kombe. Kawira akamzuia kwa mkono mmoja.

“Wachezaji wanapitia mlango wa nyuma, baba.”

Alipitia mlango wa nyuma, na huko alikuta waandishi wa habari. Kabla hajaambiwa na mtu wimbo ulisema nini, alikuwa ametangaza tena kwamba kila neno ni lake, kila hatua ni yake, na kwamba mpango mzima aliubuni yeye. Waziri alipiga simu kutoka nyumbani kumpongeza kwa ujasiri wa kujikosoa mbele ya ulimwengu, jambo ambalo, alisema Waziri, yeye binafsi asingeweza. Mwenyekiti alishukuru. Baadaye, ndani ya gari, nilimsomea maneno yote. Aliniagiza niyasome tena, polepole.

Kesho yake tuliitisha kikao cha dharura cha kumwadhibu Mize. Hoja ilikwama. Kumwadhibu kungekuwa kuukana wimbo, na kuukana wimbo kungekuwa kumfanya Mwenyekiti mwongo kwa Waziri. Tukiwa bado tunakuna vichwa, waandaaji wakatuletea masharti ya ushindi. Nchi iliyoshinda huzungushwa vitongojini mwaka mzima, ikiimba wimbo ule ule, na watu wale wale, kwa vitendo vile vile. Akikosekana hata mmoja, kombe linachukuliwa na ushindi unafutwa. Serikali yetu, kwa upande wake, ilikuwa tayari imetangaza siku ya mapumziko.

Kwa hiyo sasa tunafanya mazoezi kila Jumamosi katika ukumbi mdogo karibu na stesheni, kwa ajili ya onyesho la kwanza litakalofanyika Ingleburn kwa wafanyakazi wa viwandani. Mize huja akitoka kazini. Nadhani ile kazi ya kulea wazee imemfaa, maana anatushughulikia bila haraka na bila kutuogopa.

“Mheshimiwa Salvator, usikae kabla sijamaliza ubeti,” anasema. “Mzee Ishmael, uso. Ile aibu ya Parramatta iko wapi? Irudishe.”

Jumamosi iliyopita Mwenyekiti alilalamika kwamba ni saa nane na chakula hakijaletwa. Nilimkumbusha kanuni yetu wenyewe, yenye saini yake, kwamba wasanii hula baada ya wageni kushiba, na wageni walikuwa hawajafika. Alisema kanuni hiyo ni ya kikatili na ni lazima iangaliwe upya. Nilimjibu kwamba kwa mujibu wa utaratibu, msanii hana haki ya kuwasilisha hoja kwenye Kamati.

Mize alikuwa ameegemeza simu yake kwenye kiti cha mbele, kile cha mgeni rasmi. Ndani ya simu alikuwemo Bi Muna, kitandani kwake, shuka hadi kifuani, kikombe cha chai mkononi. Wimbo ulipofika kwenye jina lake, Mwenyekiti alisimama, akafunga kifungo, akageuka, akapunga. Wimbo ukaimbwa hadi mwisho. Bi Muna alinywa chai, akafikiri kidogo.

“Mize, mwanangu,” sauti ilitoka simuni, “yule mnene wa mbele, mwambie ainue mkono zaidi. Huku kwangu haonekani vizuri.”

“Umemsikia mama, Mheshimiwa,” alisema Mize. “Tunaanza upya.”

Mwenyekiti akaketi, akangoja jina lake.