Pikapu ya Baba na Rimu za Inchi Ishirini

Jumamosi, 21 Juni
Leo nimeanza rasmi. Siku kumi na tatu zimebaki kabla ya gwaride la uhuru la Julai Nne. Miaka mitatu mfululizo shemeji yangu Dwayne ndiye anayeliongoza, amembeba Mwalimu Opal, aliyetufundisha mji mzima kusoma na sasa ana miaka tisini na mmoja. Miaka mitatu! Na Ford ya juzi juzi tu! Mimi nina Chevrolet ya 1968, pikapu ya marehemu baba, na kila mwaka napangwa nyuma ya farasi, juu ya mavi yao. Mwaka huu basi. Nimechora jedwali la rimu aina kumi na moja, kila moja na alama zake. Zimeshinda za inchi ishirini, pana, zinazong'aa. Gari nalo nitalishusha inchi nne. Mke wangu Loretta kauliza kama zitaenea. Nimemwonyesha jedwali.

Alhamisi, 26 Juni
Rimu zimefika na nimezifunga, na gari nimelishusha zile inchi nne. Maridadi! Muuzaji alinionya kwenye simu kwamba rimu pana huweza kugusa madigadi gari likikata kona, nipime kwanza. Nimepima. Gari likiwa juu ya jeki, nikazungusha usukani hadi mwisho, kushoto, kulia. Hakuna kinachogusa! Nikaandika "limepita". Dwayne kaja, kashika kiuno, kasema nilitoe kwenye jeki ndipo nipime, kwa sababu likiwa juu magurudumu yananing'inia. "Shem, kwani kwenye gwaride utaruka nalo?" Wivu huo. Nimempa soda aende.

Jumapili, 29 Juni
Ushindi! Baada ya ibada kamati ya gwaride imelizunguka gari langu nje ya kanisa. Mwenyekiti, Bi Harriet, kajitazama kwenye rimu akarekebisha kofia yake. Nimepewa Mwalimu Opal! Dwayne yuko nyuma ya farasi. Wakati wa kurudi nimesikia mkwaruzo kidogo kwenye kona ya ghala la nafaka. Tairi jipya hilo. Litazoea.

Ijumaa, 4 Julai
Naandika nikiwa mtulivu. Mwalimu Opal alikaa katikati, meya akajibana mlangoni. Meya ni mnene wa haja. Gari likashuka kidogo, likapendeza zaidi. Mtaa Mkuu wote vifijo! Kwenye kona ya benki, pale tunapokata kushoto kwenda bustanini gwaride linakoishia, nikazungusha usukani. Ukagoma. Tairi limekumbatia madigadi. Nikajaribu tena: harufu ya mpira.
"Merle, kushoto," meya akasema.
Nikamwambia najua.
Nisimame mbele ya mji mzima? Kamwe! Nikapunga mkono, nikaenda moja kwa moja. Bendi ya shule ikanifuata. Matrekta yakaifuata bendi. Zimamoto wakayafuata matrekta. Tukapita kituo cha mafuta, tukapita bango la kuwaaga wageni, tukaingia kwenye mahindi. Maili mbili! Mwalimu Opal kauliza kama tunakwenda hadi mji wa Omaha, maana hakubeba koti.
Farasi, waliokuwa nyuma ya zimamoto, wanaijua njia. Walikata kushoto wenyewe, Dwayne nyuma yao, na bustanini wakapokewa kwa makofi. Kisha Dwayne akaja mahindini na Ford yake, akafungua mlango wangu kwa adabu zote, akamchukua Mwalimu. Kabla hajashuka, Mwalimu alinishika mkono. "Merle, mtoto wangu, ulisoma swali lote kabla ya kujibu?"

Jumamosi, 5 Julai
Nimelichunguza suala zima kwa utaratibu. Kosa limepatikana: ni kona. Waliojenga benki waliisogeza mno barabarani. Nimeiandikia kamati barua ya kurasa tatu, pamoja na mchoro. Mwakani gwaride linyooke moja kwa moja hadi mahindini, na bustani ihamishiwe huko. Loretta kauliza nazifanyaje zile rimu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nimeshaagiza za inchi ishirini na mbili. Kwa mwendo wa kunyooka hazina mpinzani.