Kigari cha Mama Mkwe na Chumba cha Mbele

Jumatatu, 4 Machi

Vumbi tena! Leo mpangaji wa ghorofani amepanda na mabuti yake, akanimwagia nusu ya ngazi kichwani, nami nimeshika waya wa redio kwa meno. Hii ndiyo karakana yangu: meza moja, kigoda kimoja, chini ya ngazi ya jengo la watu. Fundi mzima wa redio na feni, siku nzima nimejikunja kama mwavuli.

Lakini mambo yanabadilika! Mshonaji aliyepanga chumba cha mbele nyumbani kwa mama mkwe amehama. Chumba cha mbele! Kinatazama barabara, kina dirisha pana, na juu yake kuna dari, si miguu ya watu. Mama amesema huenda akampa mmoja wetu, ila bado anatafakari. Mmoja wetu, yaani mimi au mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu. Mtaa mzima unamwita Pasi, kwa kuwa nguo zake hazijui kukunjamana. Anauza bima, anakitaka kiwe ofisi. Ofisi! Mtu ambaye kazi yake yote inaingia kwenye mkoba!

Mkono mtupu haulambwi. Nimefikiri sana. Mama goti linamsumbua. Tangu limvimbe hajatia mguu sokoni, na soko ndilo maisha yake. Ameuza mboga pale tangu ujana mpaka goti lilipomwambia basi. Siku hizi mke wangu ndiye anayemnunulia, na kila nyanya inayoingia mle ndani inasomewa mashtaka. Sasa, kwa muuza masanduku nimeona vigari vya kukokota, vya kwendea sokoni, vyenye kiti cha kukunja. Unajaza vitu, unakokota, ukichoka unafungua kiti na kukaa papo hapo. Nitamnunulia. Atalia kwa furaha. Machozi yakiwa bado mabichi, nitataja chumba.

Mke wangu kaniuliza kwa nini nisimwombe Mama hicho chumba kwa mdomo tu. Nimemhurumia.

Jumanne, 5 Machi

Kwa muuza masanduku. Ana vigari vya aina mbili. Kimoja chekundu, chepesi, magurudumu mawili, kinang'aa utadhani kimelambwa. Kingine kiko pembeni nyuma ya mabegi ya shule. Magurudumu manne, rangi ya tope, mabega mapana, kimenuna. Nikasema chekundu, tena upesi!

Muuza masanduku akauliza nani atakaa. Nikamwambia mama mkwe. Akauliza ana uzito gani.

Ala! Uzito wa mama mkwe! Mtu ninayemwamkia kwa kuinama mpaka kofia inadondoka, nikamwulize kilo zake? Hata marehemu baba mkwe hakuthubutu. Muuza masanduku akasema basi nikajue kwanza, maana kila kiti kina kikomo chake, na yeye hataki kesi. Tena kuna urefu. Kiti kikiwa cha chini, mwenye goti bovu atakaa vizuri tu, kuinuka ndiyo itakuwa habari nyingine. Tena breki. Kigari kisicho na breki humkimbia mwenyewe akiwa ndiyo kwanza anakalia.

Nikageuka kuondoka, nani yuko mlangoni? Pasi! Kanyooka kama kawaida. Alidai anatafuta mwavuli. Na jua lote hili!

Jumatano, 6 Machi

Akili ni mali. Mwenye ghala la nafaka, jirani yangu wa kazini, ana mizani ya magunia, ile ya kukanyagia chini. Nimeiazima. Nimeibeba mpaka kwangu mgongo ukilia. Nikaifunika kwa kitenge cha mke wangu, juu nikaweka mto wa kochi. Ukiitazama haraka ni kigoda cha kisasa. Ukiitazama polepole pia ni kigoda, ila chenye saa.

Mama akaja jioni kututembelea. Nikamkaribisha kwa unyenyekevu wote, nikamwambia hicho ni kiti maalumu kwa wazee wenye magoti. Akasimama mbele yake. Akakitazama. Akainua ncha ya kitenge kwa fimbo yake.

Akaniuliza kwa upole kama nina mpango wa kumwuza kwa kilo au kwa jumla.

Nilitamani ardhi ipasuke! Nilisahau kabisa: mwanamke aliyeuza mboga miaka yote hiyo, mizani ya magunia anaijua kuliko anavyonijua mimi. Nikasema ni mambo ya afya, madaktari siku hizi wanashauri. Mama akasema madaktari wana mizani safi, hii ina pumba za mahindi. Kisha akakaa kwenye kochi, akaomba chai. Mke wangu alicheka mpaka akakimbilia jikoni. Na nani alikuwa amemsindikiza Mama, amesimama mlangoni, anafuta viatu na kusikia yote? Pasi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeamua kujipima mwenyewe. Hesabu ya kifundi: mimi ni mwembamba, Mama ni mtu wa haja. Nikichukua nusu gunia la mchele mapajani tunakaribiana. Nimekwenda dukani na mchele wangu.

Nikakaa juu ya kile chekundu. Kimestahimili! Nikamwita muuza masanduku aje ashuhudie. Katika kumwita nikainua mkono, na katika kuinua mkono kigari kikaanza safari. Duka lile lina mteremko wa kushushia mizigo, na ule mteremko unaishia barabarani. Nilipita kwenye mabegi, nikapita kwenye miavuli, nikapita mbele ya mwanamke mmoja aliyeniamkia, nami nikaitikia, maana adabu ni adabu hata ukiwa unakwenda kufa. Nikakwama kwenye lundo la maboksi matupu, mchele umemwagika. Kiti kimepinda kidogo.

Muuza masanduku akakinyoosha kwa goti. Halafu akasema: akisikia tena nimekalia kitu chochote dukani kwake, hata kiti cha wageni, ataita askari.

Ijumaa, 8 Machi

Pasi kakinunua chekundu! Kilekile! Nimepata habari kwa mke wangu, aliyepata kwa dada yake, ambaye anasema mumewe amekifunga utepe. Nimekimbia dukani nimevaa kandambili mbili zisizofanana. Kimebaki kile cha rangi ya tope. Muuza masanduku kanikabidhi nikiwa nje, kwa usalama wa duka.

Nimekileta nyumbani. Mke wangu kasema mchagua nazi hupata koroma. Pasi alipita, akakitazama, akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nacho kina magurudumu manne! Wakacheka wote. Nimelala mapema, uso ukutani. Chumba cha mbele kinaniponyoka, nakiona kabisa kinavyokwenda.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya zawadi. Uani kwa Mama, mabinti wote wawili wapo, waume wote wawili, vigari vyote viwili. Cha Pasi na utepe wake. Changu nimekipangusa, kikazidi kununa.

Mama hakutazama rangi wala utepe. Alikibonyeza kiti cha Pasi kwa kidole gumba, kama anavyobonyeza nyanya. Akakaa. Pasi akapiga makofi. Mama akabaki amekaa. Tukasubiri. Mama akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hawezi kuinuka. Kiti kiko chini mno, goti limegoma, na kile kigari kila akijisukuma kinarudi nyuma naye. Mabinti wakamshika huku na huku, wakamvuta. Nilimwona usoni. Hakuwa na maumivu, alikuwa na aibu, na roho iliniuma. Hata Pasi aliacha kutabasamu.

Halafu akaja kwenye changu. Akabonyeza. Akakanyaga breki, kigari kikatulia tuli. Akakaa, miguu imefika chini, magoti hayakukunjika mno. Akainuka. Peke yake! Akakaa tena, akainuka tena, kama mtoto aliyepata kitu kipya. Akaniuliza nimejuaje kuchagua hiki. Nikasema ni utaalamu. Mke wangu alikohoa.

Nikafungua mdomo nitaje chumba. Mama akasema kwanza atakijaribu sokoni, na mimi ndiye nitakayempeleka.

Jumanne, 12 Machi

Sokoni na Mama. Siku nzima! Mimi nilidhani tunakwenda kununua mchicha.

Kwa kweli sikujua. Tulipoingia tu, muuza vitunguu aliacha wateja wake wamesimama, akaja mbio, akamkumbatia Mama huku analia. Wakaja wengine. Waliambiwa Mama hainuki tena kitandani. Mmoja alikuwa ameshamwombea. Mama kasimama katikati yao ameshika mpini wa kigari, anawataja mmoja mmoja, anawauliza watoto, anawasuta kwa karoti mbovu. Nami machozi yananitoka. Nikasema ni vitunguu.

Baada ya hapo tukazunguka. Kila meza Mama anabonyeza, ananusa, anapatana bei, anakokota. Akichoka anakanyaga breki, anakaa, na biashara inaendelea akiwa kwenye kiti kama hakimu. Kufika upande wa viazi, miguu yangu ikaisha. Mama akanitazama. Akakunjua kiti, akaniambia nikae. Nikakataa, kiti cha mama mkwe! Akaniambia nikae kabla sijaanguka juu ya nyanya za watu. Nikakaa. Akanikokota! Na mboga zake! Muuza viazi kauliza kilo ngapi. Mama kasema bado hajapima, mizani iko kwa mkwe wake.

Tulipokuwa tunarudi aliniambia jambo moja. Ile Jumatano, ningemwuliza tu uzito wake, angeniambia. Pale sokoni wanajua wote, walikuwa wakipimana kila wakikosa wateja. Nikasema ndiyo, Mama.

Ijumaa, 15 Machi

Uamuzi! Ametuita sote. Nilikwenda na futi kamba mfukoni, ya kupima meza itakavyokaa dirishani.

Mama alianza kwa kunishukuru. Akasema mbele ya wote kwamba alikuwa amekaa ndani anasubiri siku yake, na mimi nimemrudishia miguu. Nikainamisha kichwa. Pasi akatazama viatu vyake. Nikasema moyoni, hii hapa, hii hapa! Mama akasema sasa kwa kuwa anaweza kwenda sokoni mwenyewe alfajiri, akachagua mwenyewe, akakokota mwenyewe, haoni sababu ya kukaa bure. Atafungua genge lake la mboga. Hapa hapa. Kwenye chumba cha mbele.

Nikaisukuma futi kamba chini kabisa ya mfuko. 

Mke wangu akaniinamia sikioni, akanikumbusha kuwa mchimba kisima huingia mwenyewe. Pasi akacheka, akacheka sana, mpaka akakumbuka kwamba chumba alikuwa anakitaka na yeye.

Mama ana huruma lakini. Akasema hajanisahau. Nyuma ya nyumba kuna ngazi ya kupandia kwenye tangi la maji. Chini yake pana nafasi nzuri ya meza.

Jumapili, 17 Machi

Nimehamia. Ngazi hii haina vumbi, ina maji. Yananidondokea shingoni, kwenye redio hayafiki, hilo nashukuru. Huko mbele genge limejaa watu tangu asubuhi. Mama amekaa juu ya kigari chake kilichonuna, anauza, anacheka, sauti yake inafika mpaka huku. Ukweli ni kwamba nafurahi kuisikia. Ila dirisha lile!

Nimepata wazo. Kubwa. Genge likikua, chumba kile hakitamtosha, itabidi ahamie sokoni penyewe, kwenye meza kubwa. Chumba kitabaki wazi! Kwa hiyo kazi yangu ni kumkuzia biashara. Kigari kikubwa zaidi, chenye viti viwili, kijiendeshe chenyewe kwa mota ya feni. Mota ninazo nne. Nimeshafungua moja. Pasi nimemweleza, kakubali kuwa mshirika, yeye atakaa wakati wa majaribio.

Mke wangu kasikiliza mpaka mwisho. Kasema vizuri, ila kabla sijakata chuma chochote, niende pale mbele, hatua chache tu, nimwulize Mama kama ana nia ya kuhama.

Nimwulize! Halafu ashtukie mpango? Nimempa Pasi ncha ya waya, nikamwambia ashike hapo kwa nguvu.