Kiti Kimoja cha Wazee

Jumatatu, 2 Machi

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Amesema kwa upole, kama fundi anayemrudishia mtu kiatu kisichoshoneka tena. Basi, kabla sijaondoka, niandike ukweli mtupu. Nilikuwa mkaguzi wa shule. Nimesoma maelezo ya walimu watoro mpaka macho yakaingia ukungu, na yote yalificha kitu. Haya yangu hayataficha chochote.

Ukweli wa leo: namwonea wivu mkwe wangu, mama yake mke wa mwanangu. Tunaishi naye nyumba moja, mlango kwa mlango. Kwa siri namwita Kamanda.

Jumamosi familia inakwenda bustani ya jiji, kwenye bwawa la chemchemi. Joto limezidi; watoto wanalala juu ya vigae. Gari la mwanangu lina kiti kimoja tu cha mzee. Mke wa mwanangu ni muuguzi, naye ametoa hukumu: asubuhi hiyo atatupima presha. Mwenye presha nzuri apande gari. Mwingine abaki na feni.

Lazima niende! Mjukuu wangu wa kike tunamwita Paka, maana anaogopa maji. Kaka yake amemcheka mwaka mzima. Jana alinivuta sikio, akaninong'oneza: "Babu, usipokuwepo siingii." Nikaapa nitakuwepo.

Jumanne, 3 Machi

Mbinu ya kwanza: utulivu. Sili chumvi. Sisikilizi taarifa ya habari. Nimelala chali, nimefumba macho, nawaza mambo ya amani. Kamanda akapita mlangoni akauliza kama nimeshakata kauli au bado kidogo. Presha ikapanda. Niliisikia masikioni.

Alhamisi, 5 Machi

Wazo! Nikishindwa kushusha yangu, nipandishe yake. Kamanda na mshonaji wa jirani hawasalimiani tangu lile gauni lililobana kwapani. Dakika chache kabla ya kipimo nitamwambia Kamanda kwamba mshonaji anawatangazia wateja kuwa kitambaa kilitosha, mwili ndio uliozidi. Ni uongo wangu mwenyewe, tena mzuri. Naungama hapa. Hapa tu.

Jumamosi, 7 Machi

Maafa! Kipimo kinatolewa kabatini, nami namwaga habari. Nikatarajia moto. Kamanda akacheka! Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Akasema hajasikia neno tamu hivyo mwaka huu, na kwamba yeye amemsema mshonaji vibaya zaidi. Presha yake ikasoma kama ya msichana. Yangu, kwa kumsubiri apasuke, ikamfanya muuguzi apime mara ya pili. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

"Baba, leo utapumzika," akasema muuguzi.

Kamanda akaketi mbele, akanipungia mkono kama rais. Paka alinitazama kupitia kioo cha nyuma mpaka gari likakata kona.

Lakini niliapa. Nikampigia simu mwenye pikipiki. Alipofika akanitazama juu mpaka chini, akauliza kama kuna mtu mzima nyumbani anayejua kuhusu safari hii. Nikamjibu kikaguzi. Tukaondoka. Nilimkumbatia kiuno kama mtoto, kofia yangu nimeiuma kwa meno. Upepo! Sijapata upepo kama ule tangu nistaafu.

Bustanini nikawaona ng'ambo ya bwawa. Kaka mtu alikuwa ameshalowa. Paka alisimama ukingoni, mikono ameikunja, uso umemvimba. Kuzunguka ni mbali na jua ni kali. Mimi, mtu wa hesabu, nikakata katikati.

Vigae vya bwawa vina utelezi. Naungama sikuliweka hilo kwenye hesabu.

Nikakaa chini ghafla. Maji kiunoni. Mrija mmoja wa chemchemi ukarusha kofia yangu juu, ikawa inacheza hewani. Mlinzi akapuliza filimbi, akanieleza kwamba bwawa ni la watoto tu. Nikamwomba anionyeshe kanuni hiyo imeandikwa wapi. Akaja na kibao chenyewe.

Ndipo nikasikia: "Babu anazama!"

Paka akaingia. Alikimbia mbio, maji yakiruka, akanishika sikio akavuta. Alipoona sivutiki, akatazama miguu yake. Maji hayakufika magotini.

"Kumbe ni maji tu," akasema. Akakaa pembeni yangu.

Nyuma yake akaja Kamanda, viatu mkononi, anahema, akiamini nimekufa. Alinishika mkono kwa nguvu. Halafu akasema, "Mkwe, si ungesema tu kwamba unataka kuja?"

Muuguzi akatoa kipimo mkobani. Presha yangu: safi kuliko wiki nzima! Ya Kamanda, kwa zile mbio, ilipaa. Lakini mimi ndiye niliyelowa, kwa hiyo nikapewa kiti cha mbele na taulo. Kamanda akarudi kwa pikipiki ileile.

Jumapili, 8 Machi

Kamanda hanyamazi. Pikipiki hivi, upepo vile. Ati walipita njia ya mkato sokoni na watu wakamshangilia. Mimi sikushangiliwa! Kiti cha gari ni cha wagonjwa, sasa naona wazi.

Muuguzi amesema Jumamosi ijayo kipimo ni kilekile. Vizuri sana. Nimeficha pakiti ya chumvi chini ya mto, naanza leo. Kamanda nimemwekea habari tatu mpya za mshonaji, tamu kupita kiasi, ili presha yake ishuke na gari limbebe. Mwenye pikipiki nimeshampigia. Paka ameahidi kunisubiri ndani ya maji.

Nikifa kabla ya hapo, wosia wangu ni mmoja: pikipiki asipewe Kamanda.