Bosi wa Suti Nyeupe na Kochi la Dada

Jumatatu, 4 Machi
Dada kanipa notisi. Tamthilia ya kigeni ikiisha Ijumaa, kochi lake la sebuleni niwe nimelihama. Nioe au nipange, hajali. Kochi lenyewe limeshaujua mgongo wangu! Sikutetereka. Jirani yetu fundi cherehani, mjane mwenye shingo ya madaha, huja kuitazama kwetu, hakosi hata jioni moja. Lugha ya tamthilia hakuna anayeijua, wanatazama midomo tu. Nikatangaza kwamba mimi naijua. Niliwahi kufanya kazi melini na watu wa lugha hiyo, nahodha alikuwa halali bila kuniaga.

Jumanne, 5 Machi
Nimetafsiri kipindi kizima! Bosi wa suti nyeupe anauza chumvi kwa jumla. Mpenzi wake ndiye karani wake. Dada akauliza mbona chumvi wanaificha ndani ya tairi la akiba. Nikamjibu isipate unyevu. Akauliza mbona wanaionja kwa ncha ya kidole. Nikamuuliza kwani yeye huonja kwa kiwiko? Watoto wake hoi kwa kicheko. Fundi hakucheka. Macho kwenye runinga, penseli mkononi, hapepesi. Tayari kanasa! Kinyozi wa mtaa, naye anamtaka huyohuyo, akaniita profesa. Jina nimelipokea.

Jumatano, 6 Machi
Bosi hasemi ovyo wala havui miwani ya jua. Nami nikavaa yangu, sebuleni, jioni. Nikakalia sinia la chai. Chai ya moto! Kelele sikupiga, bosi hapigi kelele. Machozi yalikuwa nyuma ya miwani, nani kayaona?
Nilipokuwa nimesimama nikijipepea, fundi akaniambia mjomba, hapohapo, usisogee. Akavua utepe wa kupimia shingoni mwake, akanipima mabega, kifua na mikono. Akasema nina mabega ya yule bosi hasa. Mbele ya kinyozi! Akaniomba pia ninyamaze, nikiongea kifua kinacheza. Mapenzi yana amri zake.

Ijumaa, 8 Machi
Kipindi cha mwisho. Niliwaahidi harusi. Askari walipovunja mlango nikasema hao ni wasindikizaji wa bwana harusi. Pingu je? Nikasema ndizo pete za kwao, wanapenda kubwa. Hapo kinyozi akanyakua rimoti, akabonyeza, na maandishi ya Kiswahili yakatokea chini ya picha. Kumbe yalikuwemo siku zote! Mpwa wangu mdogo akayasoma kwa sauti: yule karani anamwambia bosi alimpenda, lakini poda yake imeua watu, na askari kawaleta yeye.
Dada alicheka mpaka akajifunika uso kwa mto. Kinyozi akauliza bei ya chumvi. Nikawaeleza kuwa walioandika wamekosea, lugha ya ndani hawaijui. Fundi akasema yeye wala hakuwa akinisikiliza, alikuwa anachora kola za suti ya bosi. Kola! Ndivyo wanawake werevu wanavyoficha hisia.
Dada kaanza kukunja shuka langu.

Jumamosi, 9 Machi
Fundi kaniita dukani. Suti nyeupe, kola ileile, kipimo changu! Sanamu lake la kuvishia nguo limevunjika bega. Kanivika mimi, kanisimamisha mlangoni, kaniambia nisimjibu mteja yeyote. Watu wakajaa. Bibi mmoja akanibonyeza tumbo, akauliza kama hili nalo linauzwa pamoja na suti. Nikanyamaza. Bosi! Wakaagiza suti mmoja baada ya mwingine. Kinyozi kaacha kichwa cha mtu nusu, kaja kunitazama, karudi kumalizia.
Jioni fundi alikwenda mwenyewe kwa dada, akamwomba aniachie kochi, maana anayesimama kutwa lazima apate pa kunyoosha mgongo. Dada kakubali kwa sharti moja tu, nisitafsiri tena kitu chochote ndani ya nyumba yake. Nikaitikia kwa kichwa. Shuka likakunjuliwa.

Jumapili, 10 Machi
Nimelala chali kochini, nimetulia, natafakari. Mwanamke anayekwenda kukuombea malazi kwa dada yako, hiyo si posa? Kazi yangu ni kukubali tu, na nitakubali kwa heshima zote.
Kesho inaanza tamthilia mpya, ya nchi nyingine kabisa. Inahusu wafanyakazi wa benki, nadhani. Fundi kasema atakuja. Lugha hiyo naijua kuliko ile ya kwanza.
Rimoti nimeilalia.